Grisi ndiyo uhai wa viungo vya mbele vya gari la zamani

MAGARI mengi tunayoyaona barabarani leo hayadai kutiwa grisi katika viungo vyake vya mbele. Kiwanda huvitia grisi mara moja, kikavifunga kwa vifuko vya mpira, na kiungo kikichakaa hung'olewa kikatupwa, kingine kikatiwa mahali pake. Ndiyo maana fundi kijana anaweza kufanya kazi gereji kwa miaka kadhaa, akawa hodari wa injini na umeme, ilhali hajawahi kulishika bomba la grisi.

Hali si hiyo kwa magari yaliyoundwa katika miaka ya 1940, 1950 na 1960. Morris Minor, Triumph Herald, Volkswagen Beetle na Land Rover za kale ziliundwa kwa imani kwamba mwenyewe, au fundi wake, angezitia grisi au oili kila baada ya masafa mafupi. Agizo hilo halikuwa pambo la kitabu cha mwenye gari. Katika baadhi ya magari hayo, kiungo kimoja kidogo kisichozidi ukubwa wa ngumi ndicho kinacholishikilia gurudumu la mbele lisiing'oke. Kikikosa grisi, hesi zake hulika kimyakimya, na siku moja gurudumu hukunjika na gari likapiga magoti.

Makala haya yanaeleza jinsi viungo hivyo vinavyofanya kazi, mafuta yanayofaa kila aina ya gari, namna ya kuyatia na dalili za kuchunguza kabla ya hatari.

Kiungo chenyewe

Tuanze na Morris Minor, gari lililojulikana sana katika miji ya Afrika Mashariki enzi za ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru. Lilibuniwa na Alec Issigonis, mhandisi mzaliwa wa Izmir, Uturuki, ambaye baadaye alibuni Mini ya mwaka 1959. Morris Minor ilionyeshwa kwa umma mara ya kwanza katika maonyesho ya magari ya Earls Court, London, mwezi Oktoba 1948. Ilipokoma kuundwa mwaka 1971, magari zaidi ya milioni 1.6 ya aina hiyo yalikuwa yametengenezwa.

Uzito wa upande wa mbele wa gari hilo haubebwi na springi za mviringo. Unabebwa na fito mbili ndefu za chuma zilizolazwa chini ya sakafu, moja kila upande. Gurudumu likipanda juu ya jiwe, ufito husokotwa. Likishuka, ufito hujinyoosha. Mwisho wa ufito umeshikana na mkono wa chini, na juu kuna mkono mwingine ambao ni sehemu ya shokomzoba yenyewe.

Kati ya mikono hiyo miwili husimama kingipini, yaani mhimili wa chuma ambao gurudumu hugeuka juu yake usukani unapozungushwa. Ncha zote mbili za kingipini zimechongwa hesi kama za parafujo, na kila ncha imeingizwa katika kipande cha chuma kiitwacho trunioni, ambacho nacho kina hesi ndani. Dereva anapokata kona, kingipini hujizungusha ndani ya trunioni mfano wa nati inayofunguliwa kidogo na kufungwa tena. Hakuna gololi wala beringi hapo. Chuma kinasuguana na chuma, na kinachovitenganisha ni utando mwembamba wa grisi tu.

Mzigo mkubwa zaidi huiangukia trunioni ya chini, kwa kuwa ndiyo inayopokea uzito kutoka kwa ufito. Vilevile ndiyo iliyo karibu na matope, maji na vumbi. Ikikaushwa, hesi zake husagika kidogo kidogo hadi zinabaki nyembamba kama makali ya kisu. Kisha huja siku ambapo hesi zilizobaki haziwezi tena kuubeba uzito. Trunioni huchomoka, mkono wa chini huanguka, na gurudumu hulala.

Wanaoyajua magari haya husema kwamba jambo hilo hutokea mara nyingi gari likiwa katika mwendo wa polepole na usukani umekatwa sana, kwa mfano wakati wa kuegesha au kugeuza. Hiyo ni bahati. Hakuna awezaye kuahidi kwamba halitatokea kwenye mteremko, gari likienda kasi.

Nipeli na bomba

Grisi huingizwa katika kiungo kupitia nipeli, yaani kichuchu kidogo cha chuma chenye gololi ndani inayosukumwa na springi. Bomba likibandikwa na kusukumwa, gololi hurudi nyuma na grisi ikapita. Bomba likiondolewa, gololi huziba mlango ili grisi isitoke na uchafu usiingie. Nchini Marekani vichuchu hivyo huitwa Zerk kwa jina la mvumbuzi Oscar Zerk, aliyepewa hataza ya uvumbuzi huo mwaka 1929.

Katika Morris Minor kuna nipeli mbili za kingipini kila upande, ya juu na ya chini. Magari mengi ya aina hiyo yana nipeli pia katika ncha za tairodi, yaani vyuma vinavyounganisha usukani na magurudumu. Kabla ya kuanza kazi, zihesabu zote na uziandike. Mara nyingi ile isiyotiwa grisi ni ile iliyofunikwa na tope hata ikasahauliwa kuwa ipo.

Bomba la kawaida la mkono linatosha. Lakini lisidharauliwe, kwa maana shinikizo lake linaweza kupita pauni 5,000 kwa kila inchi mraba. Mpira wa bomba ukiwa umepasuka, grisi inaweza kuchoma ngozi na kupenya ndani ya nyama. Jeraha la namna hiyo huonekana dogo kama tundu la sindano, lakini ni hatari kubwa. Aliyepatwa nalo apelekwe hospitalini mara moja hata kama hasikii maumivu, na amweleze daktari waziwazi kilichotokea.

Si kila kiungo hutaka grisi

Hapa ndipo wengi hukosea, na kosa lenyewe hugharimu sana. Mtu akiona nipeli au tundu la mafuta, hudhani kila mahali ni grisi. Sivyo.

Chukua mfano wa magari ya Triumph. Herald ilitoka mwaka 1959, nayo Vitesse na Spitfire zikafuata mwaka 1962. Magari hayo yana trunioni ya chini iliyotengenezwa kwa shaba nyeusi, na ndani yake huzunguka mhimili wa chuma wenye hesi. Kiungo hicho hutaka oili nzito ya gia, ile ijulikanayo kama EP90. Hakitaki grisi. Grisi ikitiwa humo, kadiri muda unavyopita hukauka na kuganda katika njia zake, isiweze kufika chini. Maji nayo huingia, yakakaa, na kuutia mhimili kutu penye hesi. Mwishowe mhimili hukatika, tena bila onyo. Kwa hiyo wenye magari hayo huweka bomba la pili lililojaa oili, wala hawalichanganyi na lile la grisi.

Land Rover za Series, zilizoanza mwaka 1948 na kuendelea hadi 1985, zina utaratibu mwingine. Nyuma ya kila gurudumu la mbele pana tufe kubwa la chuma ambalo ndani yake mna viungo vya kupeleka nguvu kwenye gurudumu. Tufe hilo huzungukwa na nyumba ya chuma inayojazwa oili ya EP90, nayo ina kizibo cha kujazia, cha kupimia na cha kumwagia. Hapa hakuna la kupampu. Kazi ni kufungua kizibo cha kupimia, kutazama kama oili imefika mdomoni, na kuongeza ikiwa imepungua. Ukikuta oili imetapakaa juu ya tufe, sili imekwisha au tufe limekwaruzika kwa kutu.

Kuna pia mahali pasipotaka grisi wala oili. Bushi za mpira ni mfano mmojawapo. Mafuta ya petroli hulainisha mpira, ukavimba na kuoza. Mkono uliofungwa kwa bushi za mpira ukianza kulia, dawa yake ni bushi mpya. Aidha, shokomzoba za Morris Minor hutiwa mafuta maalumu ya shokomzoba kupitia kizibo cha juu, baada ya kusafishwa vizuri ili mchanga usitumbukie ndani. Si mahali pa grisi, na kamwe si mahali pa mafuta ya breki.

Beetle na miaka yake

Volkswagen Beetle ina historia ndefu katika barabara zetu. Mashindano ya Coronation Safari yalianzishwa mwaka 1953, na Beetle ilishinda mwaka 1954, ikashinda tena 1957 na 1962. Ushindi huo ulipatikana katika njia za vumbi na matope, na ekseli yake ya mbele ilichangia sana.

Ekseli hiyo ni mabomba mawili ya chuma yaliyolazwa kutoka upande mmoja wa gari hadi wa pili, moja juu ya jingine. Ndani ya kila bomba mna fungu la fito nyembamba za chuma zinazosokotwa kama zile za Morris. Ncha za mabomba hayo ndimo mikono ya magurudumu inamozungukia, na hapo pana nipeli nne kwa jumla, mbili kila upande.

Mnunuzi wa Beetle sharti ajue mwaka wa gari lake. Hadi magari ya mwaka 1965, Beetle ilikuwa na kingipini na pini za kuunganisha mikono, nazo zina nipeli zake zinazodai grisi kila mara. Kuanzia magari ya mwaka 1966, yaliyoanza kuundwa Agosti 1965, kiwanda kilitumia boljointi zilizofungwa. Kwa hiyo hubaki nipeli nne za mabomba peke yake. Baadhi ya wenye magari hayo wameambiwa kuwa boljointi hazitiwi grisi, wakadhani kwamba gari zima halitiwi. Mabomba yakikauka, mikono hula beringi zake, na kuirekebisha ekseli hiyo ni kazi kubwa. Beetle za aina ya 1302, zilizotoka Agosti 1970, na 1303 zilizofuata, zina springi za mviringo mbele na hazina mabomba hayo kabisa.

Grisi gani?

Grisi ni oili iliyogandishwa kwa aina ya sabuni. Oili ndiyo inayolainisha. Sabuni kazi yake ni kuishikilia isitiririke. Ugumu wa grisi hupimwa kwa kipimo cha NLGI kinachoanzia 000, ambayo ni nyepesi kama uji, hadi 6, ambayo ni ngumu kama kipande cha sabuni. Kwa viungo vya mbele vya magari tunayoyazungumzia, grisi ya lithiamu namba 2 inafaa, nayo hupatikana karibu kila duka la vipuri. Penye maji mengi, grisi ya kalisi husifika kwa kutosombwa kwa urahisi.

Jambo la kuepuka ni kuchanganya grisi za sabuni tofauti. Zipo ambazo zikikutana huyeyuka na kutiririka nje, kiungo kikabaki kitupu. Ukiamua kubadili aina, pampu hadi ya kale yote itoke.

Namna ya kuifanya kazi

Kwanza, egesha gari mahali palipo sawa na pagumu. Vuta breki ya mkono na uzuie magurudumu ya nyuma kwa mawe au vipande vya mti. Inua upande wa mbele kwa jeki, kisha uuketishe juu ya stendi za chuma. Usiingie chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Matofali nayo si stendi, kwani hupasuka ghafla.

Kuinua magurudumu kuna sababu ya pili. Gari likiwa limekaa chini, uzito wake hubana hesi au mikono upande mmoja, na grisi hukosa njia ya kupita pale inapohitajika zaidi. Gurudumu likiwa hewani, nafasi hufunguka.

Pili, safisha kila nipeli kwa brashi ya waya na tambara. Uchafu ulio kwenye mdomo wa nipeli ndio wa kwanza kusukumwa ndani, na mchanga uliochanganyika na grisi husaga chuma kama tupa.

Tatu, bandika bomba lisimame wima juu ya nipeli na upampu polepole. Mwambie mwenzako azungushe usukani kutoka upande mmoja hadi mwingine huku ukiendelea. Grisi itakayotoka kwanza itakuwa nyeusi, pengine ina maji au chembe za kutu. Endelea hadi uone grisi safi yenye rangi ile ile uliyoijaza bombani. Hapo ndipo kiungo kimeshiba.

Nne, pangusa iliyomwagika. Grisi iliyoachwa nje hukusanya vumbi na kulipeleka kwenye sili.

Nipeli ikikataa kupokea grisi, usiipite. Ifungue kwa spana na uijaribu ikiwa nje. Kama yenyewe ndiyo imeziba, nunua nyingine, kwa kuwa bei yake ni ndogo. Kama nipeli ni nzima, basi njia iliyo ndani imezibwa na grisi ya kale iliyoganda. Tia mafuta ya taa au oili nyepesi ya kupenya, acha usiku kucha, ujaribu tena. Ikikataa kabisa, kiungo kifunguliwe na kusafishwa. Kuandika katika daftari kwamba gari limetiwa grisi, ilhali kiungo kimoja hakikupokea hata tone, ni kujidanganya.

Kupima uchakavu

Gari likiwa bado limeinuliwa, tumia dakika tano kupima. Shika tairi juu na chini, kisha ulitikise kuelekea kwako na kurudi. Likicheza, mwenzako akanyage breki nawe utikise tena. Mchezo ukitoweka breki inapokanyagwa, lawama ni ya beringi za gurudumu. Ukibaki, kingipini au trunioni zimechakaa.

Kwa Morris Minor na Triumph kuna kipimo kingine. Weka mti mrefu chini ya tairi na uliinue taratibu huku mwenzako akitazama trunioni ya chini. Gurudumu likipanda na kushuka bila trunioni kusogea, hesi zimelika. Gari hilo lisiendeshwe hadi vipuri vibadilishwe. Grisi hairudishi chuma kilichokwisha sagika. Itapunguza kelele kwa siku chache na kumpa mwenye gari matumaini ya uongo.

Ukinunua vipuri, kumbuka kwamba hesi za upande wa kulia na wa kushoto za Morris Minor hazilingani. Angalia mara mbili kabla ya kulipa.

Kila baada ya muda gani?

Wenye Morris Minor wengi hufuata kipimo cha maili 1,000, yaani yapata kilomita 1,600. Kwa gari linalotoka siku za Jumapili na kwenda maonyeshoni tu, kilomita hizo zinaweza kuchukua mwaka mzima. Hivyo basi hesabu pia miezi, kwani grisi huzeeka hata gari likisimama. Mara moja kila miezi mitatu ni utaratibu mzuri.

Mazingira yetu nayo yana madai yake. Vumbi la barabara za murram hupenya kila mahali. Msimu wa mvua ya masika, kati ya Machi na Mei, na ule wa vuli, kati ya Oktoba na Desemba, maji huingia katika viungo na kutoa grisi nje. Mombasa, Malindi na Lamu, hewa ya chumvi huharakisha kutu. Gari likipita katika maji yaliyofika kwenye ekseli, litiwe grisi wiki hiyo hiyo pasipo kungoja kilomita zitimie. Hali kadhalika linapooshwa kwa mashine ya maji yenye nguvu, kwa sababu maji hayo hayajui kuchagua kati ya tope na grisi.

Leo magari ya zamani yamepata heshima mpya. Mashindano ya East African Safari Classic, yaliyoanza mwaka 2003, yameyarudisha katika njia za vumbi, na maonyesho ya Concours d'Elegance kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, Nairobi, huvutia maelfu ya watazamaji. Wamiliki hutumia fedha nyingi kwa rangi, viti na vyuma vya kung'aa. Hakuna ubaya. Lakini rangi haibebi uzito wa gari. Unaobeba ni mhimili uliojificha nyuma ya gurudumu, ambao hakuna hakimu wa maonyesho wala mtoto aliyeketi kiti cha nyuma anayeuona.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Kwa gari la zamani, ufa huo huzibwa kwa kopo moja la grisi, tambara na saa moja ya Jumamosi asubuhi.